Puti haibebi mzigo



Yapo maneno ambayo mafundi wetu wa magari huyasema kila siku, nasi kwa kuyazoea tumeacha kuyapima. Moja ni hili: "Mzee, gari lako nalirudisha jipya." Mwenye gari akilisikia moyo humtulia. Hutoa kishika uchumba, huondoka, na baada ya siku chache hurudi akakuta gari linang'aa, milango imenyooka, madigadi hayana hata alama. Majirani hutoka kulitazama. Wa kuuliza chini ya rangi ile kuna nini haonekani.

Leo nataka tuzungumze habari za huko chini ya rangi. Wako mtakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi na wenye magari, nanyi mnatembea kwa miguu au kwa daladala. Nawaomba msizime redio. Anayetembea kwa daladala ndiye hasa anayehusika, kwa sababu yeye hukaa juu ya chuma ambacho hakukichagua, hakukikagua, wala hajui kilichomelewa na nani.

Nitachukua mfano wa gari moja ambalo hata asiyewahi kulipanda analijua kwa sura: Land Rover la zamani. Gari hili lilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani. Chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao, lakini alumini, ambayo wakati wa vita ilitumika kuundia ndege, ilikuwapo. Ndugu wawili, Maurice na Spencer Wilks, waliokuwa wakuu wa kampuni ya Rover, wakaamua kuunda gari la shamba ambalo bodi yake ni ya alumini na chesisi yake ni ya chuma. Chesisi yenyewe haikuhitaji mashine kubwa za kukandamizia bati. Walikata mabapa marefu ya chuma, wakayachomelea manne pamoja, ikapatikana kitu kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Jambo lililoanza kama hila ya kupita wakati wa dhiki likageuka ukoo mkubwa wa magari. Kiwanda cha Solihull kiliendelea kuunda magari ya uzao huo hadi Januari 2016. Na huku kwetu, mwezi Oktoba 2024, magari ya jina hilo yalikusanyika kwa mamia mjini Arusha, mengine yakiwa na umri mkubwa kuliko wa madereva wake.

Sasa sikiliza, ndugu msikilizaji, maana hapa ndipo penye mtego. Alumini haipati kutu kama chuma. Kwa hiyo Land Rover linaweza kukaa miaka thelathini na bodi yake ikaonekana nzima, ilhali chesisi iliyo chini yake imekwisha kuliwa. Tena imeliwa kutoka ndani. Matope na maji huingia katika lile sanduku kupitia matundu yake, matundu ya kutolea maji huziba, na unyevu hukaa humo kama maji katika mtungi. Ukipita njia ya pwani, penye upepo wa chumvi, kazi ya kutu huenda mbio zaidi. Nje unaona rangi nyeusi safi. Ndani pamebaki ngozi ya chuma isiyozidi unene wa kopo la maziwa.

Haya sikuyasoma kitabuni. Marehemu baba yetu alifanya kazi katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga, na shamba lile lilipouza magari yake kwa mnada alinunua Land Rover la 109, yaani lenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu mita 2 na sentimita 77. Gari hilo lilitusomesha. Lilibeba mahindi, wagonjwa, maharusi na maiti. Baba alipofariki lilikuwa limesimama miaka sita nyuma ya nyumba, mwendo mfupi kutoka baharini.

Katika kikao cha ukoo mjomba alisema liuzwe kwa watu wa chuma chakavu, kilo kwa kilo, fedha igawanywe. Binamu yetu mmoja akasema amepata mnunuzi, mtu anayebeba abiria na mizigo kutoka vijiji vya milima ya Usambara kwenda gulioni. Mtu huyo yuko tayari kulipa bei nzuri, mradi gari liwake na liwe na rangi mpya. Akaitwa fundi. Akalizunguka gari, akainama mara moja, akainuka. "Siku nne," akasema. "Tunaziba, tunapiga puti, tunapiga rangi, linatoka."

Kaka yangu mkubwa alikuwa amekaa kimya muda wote. Yeye ni mwalimu mstaafu wa ufundi wa kuchomelea. Akaomba nyundo ndogo na bisibisi, akalala chali chini ya gari na kanzu yake ya Ijumaa. Tukasikia anagonga. Mbele, chesisi ililia kama kengele. Katikati ikalia. Alipofika nyuma ya gurudumu la kulia sauti ikabadilika, ikawa kama mtu anayegonga gogo lililooza. Akasukuma bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini. Na pale ndipo springi ya nyuma inaposhikwa.

Akatoka chini, akamuuliza fundi, "Mwanangu, hapa utaziba na nini?"

Fundi akajibu kwa adabu, "Mwalimu, bati jembamba juu, puti, halafu rangi nyeusi ya chini. Hapaonekani."

Kaka akasema, "Najua hapaonekani. Nauliza patabeba?"

Fundi yule akasema neno ambalo sijalisahau, na ndilo lililonileta leo mbele yenu: "Mwalimu, mteja halipii asichokiona."

Ndugu msikilizaji, tusikimbilie kumlaumu kijana yule. Amesema kweli. Sisi wateja ndio tuliomfundisha. Fundi anayekata chuma kilichooza, akaunda kipande kipya, akakichomelea ndani na nje, hutumia siku nyingi, umeme mwingi na vijiti vingi vya kuchomelea, na mwisho wa kazi gari huonekana vilevile kama la jirani yake aliyepaka puti. Tunamwambia huyu wa kwanza ni ghali. Tunampeleka ndugu yetu kwa yule wa pili. Halafu gari likivunjika mgongo kwenye kona tunasema ni amri ya Mungu.

Kikao kilikubali, kwa shingo upande, kumpa kaka muda. Alichukua miezi 14. Gereji yake ilikuwa banda la mabati lililo uani, sakafu ya saruji, na taa moja ya kuning'iniza. Mimi nilikuwa nikisafiri kwenda Tanga kila nilipopata mapumziko, na kazi yangu ilikuwa kushika taa na kuandika daftari. Nitawaeleza aliyoyafanya, kwa kuwa najua wengi wenu mna gari la namna hii uani na mnafikiria cha kulifanya.

Kwanza, hakukata kitu kabla ya kupima. Aliliweka gari juu ya stendi madhubuti za chuma, si juu ya jeki wala matofali. Tofali hupasuka bila kuaga. Kisha akachukua futi ya utepe akapima chesisi kwa mshazari, kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na tena kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo viwili hivyo vikilingana, chesisi imenyooka. Visipolingana imepinda, na ukichomelea juu ya kupinda umekupigilia msumari. Baada ya kuandika vipimo alifunga vyuma vya pembe kuvuka ile sehemu mbovu ili isicheze wakati wa kukata.

Pili, alifungua bodi. Land Rover lina uungwana huo: bodi yake imefungwa kwa bolti, vipande vipande, na watu wanne wanaweza kunyanyua kilichobaki. Bolti zilizoshikwa na kutu alizilowesha siku kadhaa, zilizokataa kabisa akazikata. Kila rundo la bolti likaingia katika kopo lake lenye jina. Mwanawe akapiga picha kwa simu kila kitu kabla hakijafunguliwa. Tangi la petroli, ambalo hufungwa pembeni mwa chesisi, lilitolewa na kupelekwa mbali kabisa na banda. Wengi hudhani tangi tupu ni salama. La hasha. Mvuke wa petroli uliobaki ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka. Betri nayo ilitolewa.

Tatu, alikata mpaka akafika kwenye chuma kizima. Hapa ndipo uvumilivu unapopimwa, maana unakata shimo la kiganja, kisha unagundua kingo zake ni nyembamba, unakata tena, na shimo linakuwa la sahani. Kaka alikuwa akisema kwamba kuchomelea kwenye kutu ni kushona kiraka kwenye karatasi iliyolowa. Alipofika penye chuma kinachong'aa aliunda kipande cha unene uleule, kama milimita 2, akakizungusha pembe zake, kwa sababu pembe kali ndiyo mahali ufa unapoanzia. Hakubandika bati juu ya bati. Bati likibandikwa juu ya lililooza, maji huingia katikati na kutu huendelea na kazi yake gizani.

Nne, alichomelea kidogo kidogo. Doa hapa, doa upande wa pili, anapumzika, anapima tena mshazari. Chuma kikipata moto mwingi upande mmoja huvutika kikipoa, na chesisi nzima hupinda. Sehemu ya kushikia springi ilimchukua majuma matatu peke yake. Na mwisho wa yote aliacha matundu ya kutolea maji, akapaka praima ya kuzuia kutu, akapaka rangi, kisha akapuliza nta ndani ya sanduku la chesisi. Iko desturi yetu ya kupuliza oili chafu chini ya gari. Oili ile huzuia maji kwa muda, lakini huoshwa na mvua, huharibu mipira, na si kitu kizuri kwa ngozi ya fundi anayeishika kila siku, kwani oili iliyokwisha tumika katika injini ina sumu ndani yake.

Ikaja zamu ya bodi, na hapa alumini ilitufundisha tabia yake. Kwanza, wale mnaonunua magari ya mitumba mmezoea kutembeza sumaku juu ya bodi ili kutafuta puti. Kwa gari la bati ni njia njema, maana penye puti nene sumaku hulegea. Kwa Land Rover la zamani sumaku haitashika popote kwenye alumini, kwa hiyo usimwite muuzaji mwongo kwa sababu hiyo. Pili, alumini ikigongwa sana huwa ngumu na kupasuka, hivyo inabidi ilainishwe kwa moto. Lakini alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya. Unaipasha, inakutazama vilevile, na ghafla imeanguka chini. Kaka alitumia hila ya mafundi wa zamani: alipaka sabuni ya kipande juu ya paneli, akapitisha moto taratibu, na sabuni ilipogeuka kuwa nyeusi akaacha. Ikawa laini, akainyoosha kwa nyundo na kigogo.

Jambo la mwisho la bodi ni mahali alumini inapogusana na chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye maji ya chumvi hufanya kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe. Ndiyo maana utaona madoa ya unga chini ya rangi kwenye milango ya magari haya. Kaka alipaka rangi pande zote mbili na kuweka mpira mwembamba kila mahali zilipogusana. Haionekani. Hakuna mteja atakayeisifu.

Naomba nigusie pia afya ya fundi. Vijana wetu huchomelea kwa miwani ya jua. Jicho halina spea. Wengine huchomelea mabati yenye zinki ndani ya banda lililofungwa, jioni wakapata homa na kutetemeka, wakadhani ni malaria. Ni moshi wa zinki. Na ile imani ya kunywa maziwa baada ya kazi, ndugu zangu, maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi kuingia mapafuni. Kinachozuia ni hewa inayopita na kinyago kinachofaa. Vumbi la puti na la rangi ya zamani nalo si la kuvutwa, na rangi za kisasa zenye kigumushi zinaweza kumletea mpuliziaji pumu ya kudumu.

Sasa nirudi kwa mnunuzi wetu wa Usambara. Alisubiri miezi ile yote, mara kwa mara akipiga simu kuuliza kama tumebadilisha nia. Gari lilipokamilika alikuja, akalitazama, akasema, na alisema kweli, kwamba rangi yake haing'ai kama alivyotarajia. Kaka hakujibu. Alimpa lile daftari na picha. Ndani yake kila kipande kimeandikwa: mahali kilipo, ukubwa wake, unene wa chuma, tarehe kilipochomelewa, na picha ya shimo kabla na kipande baada. Mtu yule akakaa juu ya ndoo, akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye picha ya sehemu ya springi, bisibisi ikiwa imezama mpaka mpini, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mzee, hii ndiyo niliyotaka kuinunua kwa rangi?"

Kaka akamwambia, "Ndiyo hiyohiyo. Na ungepakia watu."

Alilinunua. Fedha iliyopatikana, ukitoa gharama, haikuzidi sana ile ambayo watu wa chuma chakavu wangetoa, na mjomba hajaacha kutukumbusha jambo hilo. Sitaki kuwadanganya kwamba kazi ya haki hulipa siku zote. Mara nyingi hailipi, na ndiyo maana ni lazima tulitafutie jambo hili dawa badala ya kungoja watu wema wachache wenye pensheni.

Nionavyo mimi, dawa ya kwanza ni lile daftari. Fundi yeyote anayegusa chesisi, nguzo za milango au sakafu ya gari ampe mteja karatasi na picha kabla ya kupaka rangi. Siku hizi simu yenye kamera iko mfukoni mwa karibu kila kijana wa gereji, haitamgharimu kitu. Mteja akiona shimo kwa macho yake atalipia kuzibwa kwake. Yule fundi aliyesema mteja halipii asichokiona, basi na amwoneshe.

Dawa ya pili ni kwetu wanunuzi. Kabla ya kutoa fedha, lala chini ya gari. Kama huwezi, mlipe mtu alale. Gonga, sikiliza, sukuma bisibisi, hasa panaposhikwa springi na mikono inayobeba bodi. Angalia nambari ya chesisi ilingane na kadi ya gari. Nambari hiyo imegongwa kwenye chuma chenyewe, na anayeikata au kuibadili anaingia katika kosa jingine kabisa. Na kama chesisi imeoza kila upande, kubali kwamba imekufa. Liko gari la kutengeneza na liko gari la kuzika.

Ya tatu ni kwa wakaguzi wetu. Kila mwaka tunakuwa na Wiki ya Nenda kwa Usalama, na stika hubandikwa kwenye vioo. Taa na breki hukaguliwa, na ni vyema. Naomba nyundo ndogo nayo iingizwe katika ukaguzi wa magari ya abiria yaliyokwisha zeeka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakusema uzibe kwa kitu chochote. Puti ni ya kulainisha uso wa bati, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Haibebi mzigo, wala haibebi mama aliyepakia ndizi zake alfajiri akienda gulioni na mtoto mgongoni.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo. Kwaherini.